Mwalimu arudipo Siyu kwa mwaka wa pili

Safari ya kwenda kisiwa cha Pate haifuati saa ya mkononi. Hufuata maji. Ukitoka Mombasa kwa basi utapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako barabara hukomea baharini. Hapo utavuka kwenda Lamu, kisha uulizie mashua ya Mtangawanda. Usikasirike ukijibiwa kwamba hamuondoki mpaka maji yajae. Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupungua mno maji yakipwa, na chombo kilichopakia abiria na magunia huweza kukwama topeni katikati ya mikoko.

Sasa jiweke katika nafasi ya mmoja wa abiria hao. Ni Januari, kaskazi yavuma na shule zinafunguliwa. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari msingi, mzaliwa wa bara, tuseme Bungoma au Machakos, na huu ndio mwaka wako wa pili. Mwaka jana ulishuka Mtangawanda na sanduku na godoro, hujui hata utalala wapi. Mara hii mabaharia wanakuamkia kwa jina, nawe umekwisha jua upande wa mashua usiorushiwa maji.

Sekondari msingi yenyewe bado ni changa. Ilianza Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi 7 walipoingia madarasa yaliyotengwa ndani ya shule za msingi. Wengi wa walimu waliopelekwa huko mwanzoni walikuwa wanagenzi, kwa mkataba wa mwaka mmoja na malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Toa humo chakula, kodi ya chumba na nauli ya basi na mashua, uone kinachobaki cha kumtumia mama. Si ajabu mwalimu aliyepangiwa mbali na kwao kuhesabu siku akingoja kuondoka.

Lakini tuendelee na safari. Kutoka Mtangawanda utapanda pikipiki, uvuke mashamba na minazi, hadi ufike Siyu. Utaiona ngome yake ya karne ya 19, imesimama kando ya maji. Mji huu ulisifika kwa mafundi wa ngozi na wa mbao, na pia kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, tena kwa nakshi za kupendeza. Jirani yake ni mji wa Pate, ambako tumbaku hulimwa kati ya kuta za majumba yaliyobomoka. Huko ndiko Bwana Mwengo alikotungia Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wasia ambao unasomwa hadi leo.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu wetu inapokuwa ngumu. Yeye Kiswahili alikipata darasani, baada ya lugha ya mama. Wanafunzi wake walinyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Hata hivyo kalamu nyekundu iko mkononi mwake.

Kiswahili wanachozungumza watoto hao si kile cha kitabuni. Siyu ina Kisiyu chake, ndugu wa Kiamu cha Lamu na Kipate cha jirani, na ukienda Faza utawasikia Watikuu na lahaja yao. Kwa Kiamu, macho ni mato, njia ni ndia, mchele ni mtele, vitu ni zitu, na mtu haji bali huya. Hata neno chuo lina mambo yake. Mgeni wa bara akiambiwa mtoto wa miaka 8 yuko chuoni hushangaa, kumbe mtoto yuko madrasa akisoma Kurani.

Mwanafunzi akiandika "mato" katika insha, hupoteza alama. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kama ilivyoamuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kiamu kikaachwa nje licha ya utajiri wake wa tungo. Lakini wiki ifuatayo, katika kipindi cha ushairi, mwalimu yuleyule hueleza kwamba "mato" na "ndia" ni maneno ya lahaja na ya kale ambayo malenga wanaruhusiwa kuyatumia. Mtoto hutazama akastaajabu. Neno alilotumwa nalo dukani asubuhi limekuwa kosa Jumatatu, na likawa pambo la shairi Ijumaa!

Je, mwalimu aache kusahihisha? La hasha. Mtihani wa kwanza wa kumaliza Gredi 9 ulifanywa mwaka 2025, na uzito wake katika kumpangia mwanafunzi shule ya juu ni asilimia 60. Msahihishaji aliye mbali hamjui mtoto wa Siyu wala bibi yake. Kumnyima mtoto huyo Kiswahili sanifu kwa kisingizio cha kuhifadhi lahaja ni kumfungia mlango.

Hata hivyo ziko njia mbili za kusahihisha. Ya kwanza ni kukata neno kwa wino mwekundu na kunyamaza. Mtoto anayekatwa hivyo kila afunguapo kinywa, mwishowe hukifunga. Ya pili ni kuugawa ubao mara mbili, neno la nyumbani huku na la sanifu kule: mato na macho, mtele na mchele, kuteka na kucheka. Wanafunzi wenyewe wataiona kanuni kabla ya mwalimu kuitaja, kwamba mara nyingi t ya nyumbani ndiyo ch ya kitabuni. Tangu hapo mtoto anajua ni lini avae kanzu na ni lini avae sare ya shule, na hakuna nguo iliyo chafu kati ya hizo.

Ila njia hiyo ya pili yataka mwalimu aliyekwisha kusikiliza. Maneno hayo hayapatikani katika mwongozo wa mwalimu. Yako barazani baada ya alasiri, kwa wazee wanaozijua tendi kwa moyo, na jikoni kwa akina mama wanaooka mkate wa mofa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko huchukua miezi. Mwaka wa kwanza humalizika mwalimu akiwa ndiyo kwanza ameanza kuelewa anachoambiwa. Akihama hapo, mgeni mwingine huja na kalamu mpya, na watoto walewale huanza upya kukatwa.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa una mwana aliyepangiwa kufundisha visiwani, usimwambie ajikaze mwaka mmoja tu kisha arudi nyumbani. Mpigie simu, na ukiweza umsaidie nauli ya likizo, maana upweke na ufukara ndivyo vinavyowaondoa wengi. Mshauri anunue daftari jembamba la kuandikia kila neno geni analolisikia, na aliandike pamoja na jina la mwanafunzi aliyemfundisha. Januari ya pili ikifika, afunge safari nalo. Atakapoita majina siku ya kwanza, watoto watajua kwamba huyu amerudi.