Msambweni, kila ulimi na tunda lake

Mtu akivuka feri ya Likoni mwezi wa Desemba na kushika barabara ya Lunga Lunga, hahitaji kuambiwa kwamba msimu wa maembe umefika. Pale Kombani matatu ikisimama tu, akina mama huja mbio madirishani na ndoo na sahani zao. Safari yetu hii wanangu wawili, waliozaliwa na kulelewa Nairobi, walinunua embe moja kubwa la kienyeji. Kabla hatujafika Ukunda, yule mdogo alikuwa amekwisha kuchukia.

"Baba, mbona embe hili lina nywele?"

Abiria walicheka. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya viua akamgeukia, akamwambia kwamba embe lisilo na nyuzi ni uji wa wagonjwa. Mama aliyeketi nyuma yetu hakukubali. Alisema yeye hali kitu kingine ila Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, kwa kuwa halimwachii kazi ya kuchokoa meno usiku kucha. Mabishano hayo yalitufikisha Msambweni, kilomita 50 hivi kutoka Likoni, na hapakuwa na aliyeshinda.

Hapo ndipo kwao mke wangu. Mimi ni mtu wa Nyeri, na yeye ni Mdigo. Nyumba ya mama mkwe imezungukwa na minazi, na kati ya minazi kuna bustani ambayo hakuna aliyeipanga. Mkorosho uko karibu na choo, mstafeli nyuma ya banda la kuku, mzambarau mpakani, na mbungo umeparamia mti mwingine kwa jeuri kama mpangaji asiyelipa kodi. Katikati ya uwanja umesimama mwembe aliopanda marehemu baba mkwe. Watu wawili hawawezi kuuzungushia mikono wakakutana.

Jioni ya kwanza tuliandaliwa fenesi. Msomaji ambaye hajaliona, afikirie tunda la kijani lenye ngozi ya vipele, linaloota kwenye shina lenyewe kwa kuwa matawi hayangelibeba. Yapo yanayopita kilo 30. Mama mkwe alitandika gunia chini, akajipaka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu, kwani utomvu wa fenesi ukikushika bila mafuta utakwenda nao kulala. Alipolipasua, harufu ilijaa uwanja mzima. Wenyewe wanaita harufu hiyo manukato. Mwanangu mdogo alikimbilia barabarani.

Yule mkubwa, kwa mshangao wangu, alikula chenga baada ya chenga mpaka mama yake akamkanya. Kokwa zake hazikutupwa. Zilichemshwa kwa chumvi tukazila asubuhi na chai, nazo zina ladha inayokaribia viazi vitamu vikavu.

Hata humo ndani ya fenesi watu hawapatani. Lipo la nyama laini linaloteleza kama chaza, na lipo la nyama ngumu ambalo hutafunwa likalia. Mama mkwe ni wa laini, na shemeji yangu ni wa gumu. Kila mmoja anamwona mwenzake kama aliyekosa malezi.

Nami nina kisa changu na hilo laini. Nilipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, nilipewa sahani nzima. Niliweka kipande mdomoni, kikateleza, nikaona siwezi kukitafuna wala siwezi kukitema mbele ya wakwe. Nikakimeza kizima. Kisha cha pili, na cha tatu. Mama mkwe alinitazama tu. Siku ya tatu ndipo alipomwambia binti yake, "Mwambie mwenzio fenesi si dawa ya malaria." Mke wangu naye alilipa deni hilo Nyeri, mama yangu alipompa tunda damu lililotoka shambani. Aliuma mara moja, macho yakamtoka, akauliza kwa adabu kama hiyo ni nyanya iliyosahauliwa. Mama yangu hulisimulia jambo hilo hadi leo.

Kutopatana huku si kwa leo. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, alipita pwani hii mwaka wa 1331. Huko Mogadishu aliona maembe, akaandika kwamba yakiiva ni matamu, na yakiwa mabichi ni makali kama ndimu, na watu huyatia katika siki. Mombasa alikuta ndizi na ndimu, na tunda moja dogo linalofanana na zeituni lakini tamu sana. Wengi wanaosoma habari zake husema hilo ni zambarau. Wanangu walirudi kutoka mpakani na ndimi za rangi ya wino, na nguo za shule ya Jumapili zimeharibika, nikajua alichokuwa akisema. Mabibo, mastafeli, mapera na mapapai hakuyataja, na asingeweza, kwani asili yake ni Marekani na Wareno walikuwa bado hawajafika. Bibo hilo, kwa maoni yangu, wangeliacha huko huko. Linapendeza kwa macho, lakini likipita kooni linakwaruza kama mchanga. Mke wangu anasema ulimi wangu ni wa milimani.

Usiku wa pili ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tumeitwa kwa shauri zito. Fundi wa mitumbwi alikuwa amekuja kuutazama ule mwembe wa uwanjani. Mtumbwi mzuri huchongwa kwa shina moja la mwembe mkubwa, na miti ya unene huo sasa haionekani ovyo. Alikuwa ametaja bei nzuri. Shemeji ana kijana anayeingia chuo, na karo haijatimia.

"Maembe yake nani anayataka?" shemeji aliuliza. "Dalali akija anauliza Apple. Akikosa Apple anauliza Ngowe. Haya ya nyuzi yanaoza chini, nzi wanazaana humo, halafu wanakwenda kwa miti ya jirani."

Hakuwa akisema uongo. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana mara ya kwanza nchini mwaka wa 2003, na ameitesa miembe tangu wakati huo. Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika soko la nchi za Umoja wa Ulaya kwa ajili yake, hadi mwaka wa 2021. Embe linaloachwa kuozea chini ya mti ni nyumba ya mayai ya nzi huyo.

Mama mkwe alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba mchuzi wa papa hauwi mchuzi bila embe bichi la mti ule. Lile la Apple, hata likiwa bichi, halina ukali. Akasema vilevile kwamba watoto wake wote sita walikula chini ya kivuli chake, na kwamba mtu hauzi kivuli. Shemeji akainamisha kichwa. Nilimhurumia, maana karo haingoji mchuzi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza kama haiwezekani kuukata matawi tu, ukabaki shina. Shemeji alilijua jambo hilo, alikuwa ameliona likifanywa na wataalamu wa kilimo. Mwembe mzee hukatwa matawi baada ya mavuno, ukachipua upya, na machipukizi hayo yakapandikizwa vikonyo vya Apple. Vikishika, mti huzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Lakini fundi wa mitumbwi hawezi kulipia shina lililobaki ardhini. Tulihesabu vidole hadi usiku wa manane. Mimi na mke wangu tulibeba karo ya muhula wa kwanza, na dada yao aliye Mombasa wa pili. Wa tatu haukupata mwenyewe usiku ule.

Tulirudi Nairobi na fenesi moja katika gunia. Utingo wa basi alilinusa, akataka tulipie kiti.

Mwezi wa Machi shemeji alipiga simu kusema matawi yameshushwa, yote isipokuwa moja, lile lililoelekea jikoni. Mama alikuwa amesimama chini yake tangu asubuhi, na kijana wa panga hakuthubutu kumwambia asogee. Mwanangu mdogo akaomba simu, akamwuliza bibi yake kama tawi hilo ni la yale yenye nywele.

"Ndiyo hayo," bibi akajibu. "Nami nimekuwekea chumvi na pilipili, uje uyale yakiwa mabichi."