Vyuma Kinywani mwa Katekista



Tangu Kwaresima ya mwaka jana, wanaotuona tukisimama mbele ya waamini huona pia vyuma vinavyong'aa juu ya meno yetu. Watoto wa mafundisho walicheka siku ya kwanza, kisha wakazoea. Watu wazima hawakucheka mbele yetu. Walinong'ona tu kwamba mzee aliyepita miaka hamsini ameanza kutafuta urembo wa vijana. Hatuandiki ili kujitetea. Tunaandika kwa sababu vyuma hivi vimetufunulia kosa tulilolitenda kwa miaka mingi huku tukiliita kazi njema, nasi tumeona si vema kulinyamazia.

Chanzo cha ugonjwa ni cha zamani. Tulipokuwa katika shule ya walimu, gego moja la chini, upande wa kuume, lilituuma usiku na mchana. Kulitibu kulihitaji fedha na safari nyingi. Kuling'oa kulihitaji dakika chache. Tukaling'oa, na baada ya miaka michache jirani yake akafuata njia ile ile. Hatukujua kwamba meno hutegemeana. Pengo likiachwa tupu, meno ya kando huliegemea, na jino la juu lililopoteza mwenzake wa chini hushuka polepole kana kwamba linamtafuta. Kwa miaka karibu thelathini tulitafuna upande wa kushoto tu, bila kufikiri.

Kisha sauti ikaanza. Kila tulipopiga mwayo, kitu kililia mbele ya sikio. Kiungo cha taya kiko hapo hapo: mtu akiweka kidole na kufungua kinywa, atakisikia kikitembea. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachotenganisha mfupa na mfupa. Kisahani hicho kikiteleza kutoka mahali pake, kiungo hulia, na pengine hukwama. Asubuhi tuliamka na maumivu ya kichwa. Usiku tulisaga meno, hata mama watoto wetu akasema analala kando ya mtu anayetafuna changarawe. Hatimaye, Jumapili moja, tulipofungua kinywa kusoma somo la pili, taya likakwama. Tulisimama mbele ya taifa la Mungu na kinywa nusu wazi, tusiweze kukifunga wala kukifungua, mpaka msomaji mwingine alipokuja kuchukua kitabu.

Je, tulikwenda kwa mganga wa meno juma lile? Hapana. Tulisema katika shirika letu kwamba huo ndio msalaba wetu, nasi tunamtolea Bwana. Majirani waliitikia kwa heshima. Ukweli ni kwamba tuliogopa gharama, na zaidi ya gharama tuliogopa kuchekwa. Aliyetuondolea pazia hilo ni mama watoto. Alisema, "Papa, kama huo ni msalaba wako, mbona ni sisi tunaoubeba kila asubuhi, kwa hasira yako?" Hatukuwa na jibu. Kwa kweli maumivu yalikuwa yametufanya wakali nyumbani, wakali darasani, na wakali hata katika mafundisho ya dini.

Basi tukakaa baraza na watoto wetu. Mabati mapya ya nyumba yakaahirishwa, mtoto wetu wa kwanza akaahidi kutusaidia, na tukapanda basi kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, safari ya kilometa kama 120, ambayo tangu siku ile tunaifanya kila mwezi.

Mganga wa meno hakutuahidi muujiza. Alisema kwamba maumivu mengi ya taya hutulia bila vyuma: kwa kupumzisha kinywa, kula vyakula laini, kukanda kwa kitambaa cha moto, na kuacha kukaza meno mchana. Alianza na hayo, pamoja na kikinga cha plastiki cha kuvaa usiku. Maumivu yalipopungua ndipo alipopendekeza vyuma, kwa kuwa meno yaliyolala yalizuia yale ya juu na ya chini kukutana sawasawa, na hata meno ya bandia ya kuziba pengo yasingepata nafasi. Tulimwuliza kama umri wetu unaruhusu. Alijibu kwamba mfupa wa taya la mtu mzima hauendelei kukua, lakini jino linaweza kusogezwa katika umri wowote, mradi fizi na mfupa unaolishika viwe na afya.

Maelezo yake yalitushangaza, sisi tuliodhani kwamba jino ni kama msumari uliopigwa ukutani. Waya husukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokoma. Upande unaosukumwa, mwili wenyewe huula mfupa kidogo kidogo. Upande unaoachwa, mwili hujenga mfupa mpya. Hivyo jino hutembea, mara nyingi karibu milimita moja kwa mwezi. Tulimwomba akaze zaidi ili tumalize mapema, tupunguze safari. Akakataa. "Mwalimu," alisema, "nikikaza kupita kiasi, damu haifiki vizuri kando ya mzizi, jino linasimama badala ya kutembea, na mzizi wenyewe unaweza kuliwa." Tulicheka wakati ule. Hatukujua kwamba neno hilo lingeturudia.

Siku za kwanza zilikuwa nzito. Mashavu yalichubuka ndani, tukayakinga kwa nta. Tuliaga mahindi ya kuchoma, miwa na karanga. Tukabaki na uji, na bukari kwa sombe iliyopikwa sana. Lakini jambo lililotuumiza kuliko vidonda ni maneno. Sauti ya "s" iligeuka mluzi. Sisi tulioishi kwa ulimi, tuliowafundisha wengine kutamka kila neno la sala wazi na kamili, tukawa tunatema mate tunaposema "Salamu".

Juma la pili, zamu ya kuongoza rozari katika shirika ilikuwa yetu. Fumbo la kwanza lilipita kwa shida. Katika la pili, watoto wawili wakashindwa kuzuia kicheko, nasi tukanyamaza, uso ukiwaka moto. Hapo sauti ikainuka kutoka pembeni na kuendeleza sala pale ilipokatika. Ilikuwa sauti ya mama mmoja mzee, mjane asiye na meno ya mbele. Maneno yake yalitoka kama upepo kwenye majani, lakini wote walimwitikia, na rozari ikaisha.

Usiku ule hatukulala. Mama huyo alikuwa mkatekumeni wetu. Kwa miaka miwili alikuja kila juma kwa miguu, mvua na jua. Tulipowahoji wakatekumeni kabla ya Pasaka, tulimsimamisha mbele ya wenzake na kumwambia aseme Nasadiki. Alipofika kwenye jina la Ponsyo Pilato, kinywa kilimshinda. Wenzake wakacheka. Hatukuwakataza. Tulimwambia arudie, akarudia, wakacheka tena. Kisha tukaandika mbele ya jina lake kwamba bado hajawa tayari, naye akangoja mwaka mzima mwingine. Tulijiona tumetunza heshima ya sakramenti. Hatukukumbuka kwamba Kanisa linawabatiza hata mabubu, kwa sababu linatafuta imani, wala halihesabu herufi. Kwa Pasaka iliyofuata, paroko alimwuliza tu anamsadiki nani, akamsikiliza, akambatiza.

Jumamosi tulikwenda kwake. Tulimkuta akichambua maharagwe mlangoni. Tulimwomba msamaha kwa maneno yaliyotoka na mluzi na mate. Alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akasema, "Mwalimu, mwaka ule Nasadiki niliijua. Niliisema kila usiku, peke yangu, na Mungu hakuniambia hata mara moja nirudie." Hakusema kwamba ametusamehe. Alituuliza tunakula nini siku hizi na kinywa kile, akatufundisha kuchovya mkate katika chai na kungoja hadi ulainike. Tulikaa tukamsaidia kuchambua maharagwe yake.

Baada ya siku hiyo tulimfikiria sana Mtakatifu Apolonia, anayekumbukwa tarehe 9 Februari, ambaye wagonjwa wa meno humwomba awaombee. Aliuawa huko Aleksandria karibu na mwaka 249, naye alikuwa mwanamke aliyekwisha kuzeeka. Umati ulimpiga mataya hadi meno yake yote yakavunjika, kisha ukamtishia moto akikataa kutamka maneno ya kumkana Mungu. Aliuchagua moto. Kwa miaka mingi tuliwasimulia watoto habari zake kama habari za maumivu tu. Leo tunaona ndani yake jambo lingine: Kanisa linamheshimu kama shahidi wa imani, na ushuhuda wake wa mwisho ulitoka katika kinywa kilichovunjika. Kama angesimamishwa mbele yetu kuhojiwa, tungemwambia arudie.

Hapo neno la mganga wa meno liliturudia. Sisi ni mwalimu kwa masomo. Tulifundishwa kusahihisha, na tulisahihisha kwa kukaza. Kosa moja, kemeo moja, mbele ya wote. Tulidhani kwamba nguvu nyingi huleta matunda ya haraka. Sasa tunajiuliza ni mizizi mingapi tuliyoila bila kujua: vijana walioacha mafundisho baada ya kuchekwa, wazee waliojificha nyuma ya Kanisa ili tusiwaulize swali. Hatuwezi kuwarudisha wote. Wawili tumewatafuta, mmoja alitupokea, mwingine hakufungua mlango.

Kwa hiyo tumebadili jambo moja, nalo ni dogo. Mwaka huu hatumhoji mkatekumeni mbele ya wenzake. Tunaketi naye, watu wawili tu, na anayeona Kiswahili ni kizito hujibu kwa Kiluba, kwa Kisanga au kwa Kibemba, tukimwita ndugu wa kutufasiria inapohitajika. Kazi inakwenda polepole zaidi. Lakini tumesikia katika vikao hivyo mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia tulipokuwa tunasikiliza matamshi.

Kuhusu taya letu, tuseme ukweli: halikwami tena, maumivu ya asubuhi yamepungua, ila bado linalia siku za baridi. Matibabu hayajaisha, na yakiisha tutavaa kishikizo kila usiku, kwani meno yaliyosogezwa hupenda kurudi mahali pake pa zamani. Nasi pia, tusipojilinda, tutarudi katika ukali wetu.

Ndugu msomaji, ikiwa una maumivu unayoyaficha, usiharakishe kuyaita msalaba. Mwambie mwenzi wako, mwambie mganga. Huenda dawa yake ni nyepesi kuliko vyuma vyetu. Na ikiwa umekabidhiwa watu wa kuwafundisha, mtoto nyumbani au mkatekumeni parokiani, mkumbuke usiku huu yule uliyemwambia arudie. Je, ulikuwa umemsikiliza mara ya kwanza?

Tumsifu Yezu Kristu.