Ndama Kwenye Kioo

Picha zangu nyingi nimezipiga kwa usukani. Nilikuwa dereva wa watalii, tua gaidi kama tunavyoitana Arusha, na kidole kilichobonyeza kamera kilikuwa cha mgeni aliyesimama nyuma yangu, kichwa nje ya paa. Lakini aliyejua duma atatokea upande gani wa kichuguu, akalipa jua mgongo, akazima injini ili gari lisitetemeke, alikuwa mimi. Picha ikichapishwa huko kwao, jina langu halimo. Sawa, nililipwa kuendesha gari.

Nilianza mwaka 1998. Aliyenifundisha Serengeti alikuwa dereva mzee ambaye hajawahi kumiliki kamera. "Kijana," aliniambia siku ya kwanza, "usimtazame simba. Tazama anachokitazama simba." Simba aliyelala akipiga mwayo mmoja, alisema, mwache. Akipiga wa pili na wa tatu, waambie wageni wajiandae, anaamka huyo. Tai aliye juu ya mgunga akijisaidia, anajipunguzia mzigo, muda si mrefu ataruka, tena ataruka akiukabili upepo. Kwa hiyo ujue upepo unatoka wapi kabla hujaegesha. Swala tomi wote wakiacha kutafuna na kugeuzia nyuso upande mmoja, basi kuna mtu huko. "Mtu" kwa Mzee alikuwa chui, fisi, au duma.

Wageni huyaita hayo bahati. "Umebahatika sana leo!" wananiambia, nami naitikia ndiyo, maana kumweleza mtu habari za kinyesi cha tai wakati wa chai si adabu.

Seronera, hukohuko Serengeti, hairuhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo dereva hubahatisha akiwa njiani, mnyama aje au asije. Na akija, redio inakuharibia. Wageni wote wanalijua neno "simba" tangu filamu ile ya katuni ya 1994, hivyo sisi tulisema "sharubu" kwa simba, na "madoadoa wa juu" kwa chui, kwa kuwa hukaa mtini. Ukishatamka "madoadoa wa juu" redioni, baada ya robo saa kuna magari ishirini chini ya mti. Hapo kila mtu anapata picha ileile, chui aliyechoka kutazamwa. Miaka ya mwisho nilikuwa nikimwona chui nanyamaza kwanza dakika kumi. Wenzangu walinisema, na walikuwa na haki.

Mwaka 2001 mgeni mmoja aliniachia Nikon FM2 yake kuukuu na lenzi mbili, kama sehemu ya tipu. Ilikuwa kamera ya filamu, kila kitu unakizungusha mwenyewe kwa mkono. Mkanda mmoja picha 36, na kuusafisha mjini Arusha kulikuwa na gharama yake, kwa hiyo nilijifunza ubahili. Mgeni akibonyeza mara mia kwa pundamilia mmoja, mimi nilikuwa nahesabu. Badala ya miguu mitatu ya kamera, isiyo na nafasi ndani ya gari, nilishona mfuko nikaujaza maharage, nikauweka kwenye ukingo wa paa, ukaishika lenzi kama mto unavyoshika kichwa. Siku moja chakula kilichelewa kufika kambini, mpishi akayapika.

Somo lililoniuma nililipata kando ya mto Seronera, alfajiri. Chui alikuwa juu ya mwegea, mkia umening'inia. Mkia ukaacha kuchezacheza, nikajua anashuka. Akaruka, nikabonyeza. Kumbe shata niliiacha kwenye mwendo wa polepole, 1/30, tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, nilipokuwa napiga moto wa kambi. Filamu iliposafishwa chui alikuwa mchirizi wa njano, kana kwamba mtu amepangusa ukuta kwa kitambaa. Tangu siku hiyo, kabla ya mswaki, nilikuwa naitazama shata.

Picha ninayotaka kuisimulia ni ya Ndutu, Februari 2009. Huko, upande wa Hifadhi ya Ngorongoro, gari lilikuwa likiruhusiwa kuingia majanini. Ni msimu wa nyumbu kuzaa. Ndama husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, na akimpoteza mama yake hufuata chochote kikubwa kinachotembea. Nilikuwa na wageni wawili waliokuja kwa jambo moja tu, duma akiwinda. Tulimngoja tangu saa moja asubuhi. Yu juu ya kichuguu, anapima uwanda. Wakati huo ndama akatoka majanini peke yake, kitovu bado kinaning'inia, akaja kusimama karibu na tairi la nyuma na kulinusa.

Duma akashuka, kichwa chini. "Twende, twende!" wageni wakanigongea kiti. Nikawasha gari. Nilipotupa jicho kwenye kioo cha pembeni, ndama alikuwa anatukimbilia, masikio nyuma, mdomo wazi. Kamera ilikuwa mapajani, imefunikwa sweta kwa sababu ya vumbi, lenzi fupi nimeiweka kwenye umbali usio na kikomo, tayari kwa duma na uwanda wake. Nikakilenga kioo, nikabonyeza mara moja. Fremu ya kioo ikatoka ukungu mtupu, ndama ndani yake akatoka wazi, hadi kope.

Ndipo nikaelewa ninachofanya. Tukiendelea hivyo ninampelekea duma chakula mezani, na wageni watapata picha yao. Sheria inasema usiwaingilie wanyama, lakini kwa hali ile nilikuwa nimeshaingilia kwa vyovyote. Nikakata usukani kushoto, polepole, kuelekea kundi la nyumbu. Nyuma yangu kukawa na kelele, kisha kimya kibaya zaidi ya kelele. Kundi likammeza ndama. Kama mama yake alikuwemo, sijui. Tuliporudi, kichuguu kilikuwa kitupu, na jioni ile tipu haikuwepo.

Picha imetundikwa sebuleni kwetu. Wageni wa nyumbani huikodolea macho, kisha huuliza mbona mtu aliyekaa porini miaka yote hiyo ametundika kioo cha gari, na duma yuko wapi. Mke wangu, ambaye habari hii ameisikia mpaka imemchosha, huwajibu huku akimimina chai: "Alikuwa mbele."