Waya wa ukutani na ulimi wangu

Leo siongelei mapishi wala mishono, ingawa cherehani imo.

Mwezi uliopita tulipandisha kifurushi cha intaneti kutoka Mbps 50 hadi 200. Wateja wangu wa Maskati huchagua vitambaa kwa video, na picha ilikuwa ikiganda kila nikinyanyua jora. Fundi kijana akaja, akaweka ruta mpya, akaenda zake. Kompyuta ya chumba cha kushonea ikagota kwenye 94. Haipandi! Nikampigia, nikamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Kwa jirani nikaongeza kuwa ni mwizi.

Usiku, watoto wamelala, nikaufuata waya kwa tochi ya simu. Mnajua pembeni mwa jora la kitenge huandikwa aina yake? Waya nao umeandikwa hivyo hivyo ubavuni, kwa herufi ndogo: CAT5e. Huo hubeba hadi Mbps 1000 kwa mita 100, na wangu haufiki hata mita 20. (Ukikuta CAT5 bila e, kipande kifupi mara nyingi huvuka 100, jaribu kwanza kabla ya kununua mwingine. Ukikuta CCA, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Mie huo sinunui.)

Basi waya hauna kosa. Kwenye mipangilio ya kompyuta, kasi ya waya imeandikwa 100. Nikafungua kisanduku cha ukutani. Nyuzi za ndani ni nane, jozi nne, na Mbps 1000 inazitaka zote. Zilizofungwa ni nne tu. Nne nyingine zimekwenda chumba cha pili.

Miguu iliniisha nguvu. Miaka mitano nyuma ni mimi niliyemwambia fundi mwingine: gawa huo huo mmoja, ya nini kununua waya wa pili? Enzi zile za Mbps 10 hakuna aliyeona tofauti.

Asubuhi nikampigia yule kijana hata chai sijanywa. "Nisamehe mdogo wangu, kosa ni langu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yashapita, dada." Akaja, akazirudisha nyuzi zote nane kwangu, chumba cha pili sasa kinatumia wifi. Napata 190 na kitu. Pesa alizikataa, nimempima kanzu.

Kwa jirani bado sijaenda. Naenda leo baada ya alasiri.