Makerere imejengwa upya, na chumba chetu je?

Mama wapendwa, juma hili tuzungumzie nyumba moja ya mbali, huko Kampala, Uganda. Ni jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2020 liliungua, paa likaanguka. Serikali yao ikatoa pesa, likajengwa upya kwa sura ileile ya zamani, na mwaka 2024 likafunguliwa tena.

Wengine watauliza: sura ya zamani ya nini? Sisi walimu tunaelewa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na mashine. Leo wanatoka pale mainjenieri. Lakini wale 14 walikuwa wavulana wote, na neno kuu la chuo lilikuwa "Tuwe wanaume". Wasichana wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945, ndipo neno likabadilishwa kuwa "Tunajenga kwa wakati ujao". Miaka 23 kungojea mlangoni, jamani!

Tunaleta habari hii kwa sababu ya manjanja tuliyonunua kwa mchango wetu. Mnakijua kile chumba cha mwisho cha shule. Familia zilizokimbia vita zililala mle, mbao za ukuta zikawa kuni (hatulaumu mtu, watoto walihitaji kula). Sasa tunakitengeneza. Baba kadhaa wanasema kiwe chumba cha ufundi, cha wavulana. Wasichana wabaki na kushona. Kushona ni kazi nzuri, sisi wenyewe tunavaa. Lakini kwa nini iwe hiyo peke yake?

Seremala alipohesabu manjanja, alipima upana wa chumba, mita 6, akagawa kwa mbili. Msichana wa mwaka wa tatu wa sekondari akauliza kama paa litakuwa la kulala chini. Akachukua chaki, akaandika Pythagore: mita 3 za chini, mita 1 na sentimita 25 za kimo, basi mteremko ni mita 3 na sentimita 25 kila upande, bado ukingo wa kutolea maji. Seremala alicheka, akapima tena, akaongeza manjanja kwenye hesabu.

Wazee wa shule wataamua Jumamosi, soko likiisha. Tuende wote, kila mama na binti yake. Mwenye misumari ya manjanja asiache kuileta, iliyopo haitoshi.