Daftari la Mwalimu ni Dhamana

Katika shule nyingi za Rwanda, kabla ya mwaka 1994, muhula ulianza kwa jambo ambalo mgeni angeliona dogo. Mwalimu aliingia darasani, akafungua daftari lake, akatoa amri: Wahutu wasimame. Wakasimama, akawahesabu, akaandika. Watutsi wasimame. Wakasimama wachache, akawahesabu, akaandika. Kisha Watwa, aghalabu hakusimama mtu. Mwalimu akafunga daftari, akashika chaki, akaanza somo la kwanza.

Wengi waliookoka wameyasimulia hayo, na masimulizi yao hufanana. Mtoto mdogo hakujua asimame na kundi gani, akasimama pamoja na rafiki yake wa dawati moja. Mwalimu akamwambia aketi, aende nyumbani akamwulize baba yake. Jioni baba na mama wakatazamana kwanza, ndipo wakamjibu. Siku ya pili mtoto akasimama na wale wachache, wenzake wakimkodolea macho. Hakupigwa wala hakutukanwa. Lakini alikwisha fundishwa somo ambalo halikuandikwa ubaoni, na rafiki yake aliyebaki ameketi naye alikwisha fundishwa.

Mwalimu yule hakulibuni jambo hilo. Utawala wa Ubelgiji ndio ulioanza kuandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru wa mwaka 1962 zikaendelea nao. Nafasi za shule za sekondari na za kazi zikagawanywa kwa hesabu ya makabila. Mwaka 1973 orodha za majina ya wanafunzi wa Kitutsi zilibandikwa katika shule na katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, nao wakafukuzwa. Orodha haijiandiki yenyewe. Pana mtu aliyeuliza, pana mtu aliyejaza, na pana mtu aliyetunza karatasi kabatini mpaka siku ilipohitajiwa.

Yafaa basi ifahamike kwamba dhamana ya mwalimu haiishii katika yale anayoyasema mbele ya ubao. Inaingia pia katika yale anayokubali kuyatenda juu ya watoto waliowekwa mikononi mwake. Mwalimu aweza kufundisha hesabu vizuri, asikose kazi hata siku moja, naye wakati huo huo akawa anaandaa msiba kwa kalamu.

Askari analijua jambo hili kuliko raia wengi. Tangu siku ya kwanza kambini hufundishwa utii, kwa maana jeshi lisilo na utii ni genge. Lakini askari aliyefunzwa vyema hufundishwa pia kwamba ipo amri isiyo halali, kama ile ya kumpiga risasi mateka aliyekwisha inua mikono. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufanya kazi Arusha, ilikuwa na kifungu katika sheria yake kilichosema wazi kwamba kutumwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ingawa kwaweza kumpunguzia adhabu. Mwalimu naye ni mtumishi: hupokea mshahara, hupokea nyaraka kutoka juu, hukaguliwa. Lakini ni mara chache chuo cha ualimu kumwambia ni waraka gani asiutii.

Mahakama hiyo hiyo haikuwahukumu wenye bunduki peke yao. Miongoni mwa waliopatikana na hatia mwaka 2003 alikuwamo Ferdinand Nahimana, msomi wa historia aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji. Kifungo chake cha maisha kilipunguzwa kuwa miaka 30 katika rufaa ya mwaka 2007. Mtu aliyepewa kazi ya kuwaeleza vijana walikotoka alisaidia kujenga chombo kilichowapeleka pabaya. Elimu yake haikumzuia, ilimwongezea nguvu.

Haki inadai kusema upande wa pili. Walimu wengi waliuawa mwaka 1994, wengine kwa sababu wao wenyewe walikuwa katika orodha. Na mwalimu wa kijijini, mwenye mke, watoto na mshahara usiofika mwisho wa mwezi, angefanya nini peke yake? Swali hilo ni zito, wala lisijibiwe upesi na mtu aliyekaa salama. Ila historia inaonyesha kwamba mzigo unaomshinda mmoja huwa mwepesi kwa wengi. Mwaka 1942, nchi ya Norwe ikiwa imetekwa na Wajerumani, serikali ya Quisling iliwaamuru walimu wote waingie katika chama kimoja ili vijana wafundishwe siasa ya Kinazi. Maelfu waliandika barua za kukataa, kila mmoja kwa jina lake. Zaidi ya 1,000 walikamatwa, na wapatao 500 walipelekwa kwa meli hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi ngumu. Hata hivyo mpango ulishindwa, na kabla ya mwaka kwisha walimu walirudishwa makwao.

Rwanda yenyewe ina mfano wake, na waliouweka ni wanafunzi. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu mbali na Watutsi mbali. Ilikuwa amri ile ile ya zamani, ila safari hii aliyeitoa alishika bunduki badala ya kalamu. Kwa umri wao, vijana wale walikwisha pitia shule ya msingi katika zama za daftari. Walijua vyema namna ya kusimama kwa makundi. Wakakataa. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa, na taifa lao limewaandika miongoni mwa mashujaa.

Leo kitambulisho cha Rwanda hakitaji kabila. Somo la historia ya nchi lilisimamishwa shuleni kwa miaka kadhaa baada ya 1994, kwa kuwa ilikuwa vigumu kukubaliana watoto waambiwe nini. Kubomoa kulichukua siku mia moja. Kujenga upya kumechukua miaka.

Jambo hili haliko mbali na nyumba za askari. Mtoto wa mwanajeshi au wa polisi huhama pamoja na baba yake. Leo yuko kusini, mwakani yuko kaskazini, na kila mara huingia darasa jipya na lafudhi ngeni na jina lisilozoeleka. Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa kwa dhihaka ametoka wapi, na usalama wake umo katika namna mwalimu atakavyolijibu swali hilo mbele ya wenzake. Mwalimu akicheka, darasa zima litacheka. Mwalimu akimkalisha katikati ya wenzake na kuendelea na somo, mambo yamekwisha.

Kwa hiyo mzazi anaporudi kutoka lindo jioni, asitosheke kuuliza mtoto amepata alama ngapi. Amwulize pia: leo mwalimu aliwasimamisha kwa ajili gani? Ikiwa ni kwa kujibu swali, au kwa kumpokea mgeni, vema. Ikiwa ni kwa kuhesabiwa makabila, basi asingoje kesho kutwa. Avae viatu vyake, aende shuleni, akamwone mwalimu kwa heshima na kumwuliza daftari lile ni la nini.