Kosa Jekundu

Kila Desemba, Wachagga wa Dar na Arusha wanapopanda nyumbani kula Krismasi, mimi hupata wanafunzi wa tuisheni. Mwaka ule walikuwa tisa, Kidato cha Tatu, barazani kwa mama hapa Kibosho.

Swali nililitunga mwenyewe. Mpira wa maji umelazwa chini kihambani. Maji yanaruka, yanapita mita 1.5 juu ya ardhi yakiwa mita 1 kutoka mdomo wa mpira, kisha yanatua mita 4. Tafuta mlinganyo wa njia yake. Jibu nilikuwa nalo: tao linagusa ardhi kwenye 0 na 4, basi y = x(4 − x). Ile 1.5 niliiona pambo tu.

Wanane waliandika kama mimi. Binti mmoja akaleta y = −0.5x² + 2x. Nikampiga kosa jekundu, karatasi ikachanika kidogo.

"Samahani mwalimu, ya kwako kwenye mita 1 inafika kimo cha mita 3."

Nikamwambia akae, asome kwanza ndipo abishane.

Jioni nikawa namwagilia mchicha. Maji yetu ni ya mserereko, yana nguvu. Nikaminya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, nikaulaza kidogo. Maji yakatua penye jiwe lilelile, ila tao limekuwa fupi. Nikaminya tena. Jiwe lilelile, tao jingine. Nikaganda pale, viatu vikilowa. Matao yanayopita kwenye 0 na 4 hayana idadi: y = ax(x − 4), na a inatafutwa kwa nukta ya tatu. Weka x = 1, y = 1.5: −3a = 1.5, a ni −0.5. Kilele ni mita 2, wakati changu kilifika 4.

Kukosea hesabu si kitu, walimu tunakosea. Ninaloungama ni la kesho yake. Niliwaambia kwamba swali nililikosea nilipolinakili kitabuni. Kitabu gani? Kisha nikawapa wote alama zote, wale wanane pamoja naye, ili yaishe.

Nilipokuwa nabadilisha alama kwenye daftari lake ndipo nikaona, chini ya kosa langu jekundu, mistari mitatu ya penseli: 0 inatoa 0, 1 inatoa 1.5, 4 inatoa 0. Kila mmoja ameuwekea vema mwenyewe. Ilikuwepo tangu jana. Sikuwa nimeisoma.